Maada ikibanwa mpaka basi: nyota za nyutroni na swali la kwaki

Wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Haya ni maongezi nimeyaandika vile vile nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia, kwa hiyo mkikuta sentensi ndefu mjue ni mdomo ulikuwa unakimbia.

Naanza na Ngomeni, manake watu wakisikia nyota za nyutroni wanadhani ni habari za mbali huko, kumbe kipande kikubwa cha hii stori kilianzia hapa hapa pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka 7 ya kujitawala, kuna roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano lililosimama baharini kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani ambayo kwenye makaratasi ilikuwa inaitwa SAS-1, lakini yule mama aliyekuwa anauongoza mradi, Marjorie Townsend wa NASA, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku yenyewe, na hilo ndilo lililobaki, hata leo ukifungua orodha za nyota zinazotoa eksirei utakutana na majina yanayoanza na 4U, ile U ni Uhuru. Hawakuja huku kufuata madafu. Walitaka ikweta, manake ukirushia karibu na ikweta setilaiti inazunguka juu ya ikweta na haipiti sana kwenye yale maeneo ya mionzi yanayovuruga vipimo, afu juu ya hapo Dunia yenyewe inavyozunguka inakupa msukumo wa bure.

Kabla yake watu walikuwa wanarusha viroketi vinavyochungulia anga kwa dakika chache tu vinadondoka. Uhuru ikakaa juu zaidi ya miaka 2, na mojawapo ya vitu ilivyoviona ni Centaurus X-3, kitu kinachopiga eksirei kila baada ya sekunde 4.8 kwa mpangilio, na kila baada ya siku 2.1 kinapotea kidogo afu kinarudi. Kinapotea kwa sababu kinapita nyuma ya nyota kubwa kinayozungukana nayo. Hesabu zikafanywa ikaonekana hakiwezi kuwa nyota ya kawaida, ni kitu kidogo sana kizito sana kinachoinyonya gesi ile nyota kubwa, na gesi ikiangukia juu yake inapata moto mpaka inatoa eksirei. Nyota ya nyutroni hiyo. Riccardo Giacconi, aliyekuwa anaongoza wanasayansi wa kazi ile, akapewa Nobel mwaka 2002.

Sasa nyota ya nyutroni ni nini hasa. Nyota yenye uzito wa mara 8 au zaidi wa Jua letu ikishamaliza vya kuchoma, kiini chake kinaporomoka chini ya sekunde moja, elektroni zinashindiliwa ndani ya protoni zinakuwa nyutroni, nyutrino (vichembe vyepesi mno visivyo na chaji) zinatoka kwa mafuriko, sehemu ya nje inalipuka, ndio supanova, na kinachobaki katikati mara nyingi ni mpira wenye uzito kama mara 1.4 wa Jua lakini kipenyo chake kilomita 24 hivi. Yani Jua na nusu yake, halafu linaenea juu ya kisiwa cha Unguja na nafasi inabaki. Walter Baade na Fritz Zwicky walilisema hili mwaka 1934, miaka 2 tu baada ya James Chadwick kuigundua nyutroni yenyewe, na watu wengi wakalichukulia kama porojo mpaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi pale Cambridge, alipoona kwenye karatasi za darubini ya redio kitu kinachopiga kila sekunde 1.337 bila kukosea. Nobel ya ugunduzi ule, 1974, walipewa mabosi, yeye hakupewa. Naliacha hapo nisije nikakasirika.

Ukiuliza msongamano wake, sentimita moja ya ujazo ya kiini cha atomi ina uzito wa kama tani milioni 270, na katikati ya nyota hizi ni mara kadhaa ya hapo. Hapa ndipo swali la leo linapoingia. Nyutroni si kitu kimoja, ni kifurushi, ndani yake mna kwaki 3, moja ya juu na mbili za chini, ndivyo Murray Gell-Mann na George Zweig walivyopendekeza mwaka 1964. Na kwaki kwa kawaida hazitoki. Ukijaribu kuivuta moja peke yake nishati unayotumia kuivuta inazaa kwaki nyingine mpya, unaishia na vifurushi viwili, moja peke yake hujaipata. Lakini mwaka 1973 David Gross, Frank Wilczek na David Politzer wakaonyesha kwamba ile nguvu inayozifunga inapungua kadiri zinavyosogeleana, na miaka 2 baadaye John Collins na Malcolm Perry wakauliza kile ambacho nadhani mtu yeyote angekuja kuuliza: je ukivibana vifurushi mpaka vikaingiliana, kwaki ya huyu itajuaje kwamba ni ya huyu? Katikati ya nyota ya nyutroni huenda hakuna tena nyutroni, kuna bahari ya kwaki tu.

Sawa. Lakini watu wengi wanaishia hapo, "ndani kuna kwaki au hakuna", kama vile ni swali la ndiyo na hapana, na mimi nilichokuja kusema leo ni kwamba swali lenye maana zaidi ni zinageukaje. Kwa ghafla au polepole. Manake hilo ndilo linaloamua kama sisi huku Duniani tutaona chochote.

Chukua maji. Yakifika digrii 100 hapa usawa wa bahari yanagoma kupanda, moto unaendelea lakini nishati yote inaenda kugeuza maji kuwa mvuke, na muda wote huo vyote viwili vipo pamoja, kila kimoja na msongamano wake. Hilo ni badiliko la ghafla, lina mpaka, upande huu maji upande ule mvuke. Ila kumbuka hata maji hayohayo ukiyapeleka juu ya digrii 374 na presha zaidi ya mara 218 ya hewa ya kawaida, mpaka unafutika, huwezi tena kusema hiki ni maji hiki ni mvuke. Na kuna mabadiliko ambayo tangu mwanzo hayana mpaka: uji unapozidishiwa unga ukasongwa ukawa ugali, nani anaweza kunionyesha sekunde ambayo uji uliisha ugali ukaanza?

Kwa upande wa joto tayari tunalo jibu. Supakompyuta zilihesabu, na kazi iliyotoka mwaka 2006 ikaonyesha kwamba maada yenye joto kali sana na uwiano karibu sawa wa maada na kinyume-maada (pacha wa maada mwenye chaji iliyogeuzwa), kama ulimwengu ulivyokuwa mwanzoni kabisa, inageuka kutoka kwaki huru kuwa protoni na nyutroni kwa staili ya ugali, hakuna mpaka. Inatokea kwenye joto la kama digrii trilioni 1.8. Mashine ya RHIC kule Brookhaven Marekani na ile ya CERN zimegonganisha viini vya dhahabu na risasi mpaka kupita joto hilo, na mchuzi wa kwaki ukapatikana kwa muda mfupi usioelezeka.

Ila nyota ya nyutroni ni baridi. Msicheke. Katikati yake mna digrii milioni mia na zaidi, lakini ukilinganisha na nishati ya chembe zilivyobanwa mle ndani hilo joto ni sawa na sifuri, na ndio maana wanafizikia wanaiita maada baridi iliyosongamana. Na huko kompyuta zinakwama. Sio kwamba hazina nguvu. Njia ya hesabu inayotumika inategemea kuokota mifano kwa bahati kama kura, kila mfano na uzito wake, na ukiweka nyutroni nyingi kuliko kinyume-nyutroni zile namba za uzito zinageuka nusu chanya nusu hasi zinafutana, unabaki na kelele. Tatizo hili lipo miaka na miaka na limewashinda watu wenye akili sana. Kwa hiyo kwenye ramani ya hali za maada, upande wa joto tumechora kwa wino na upande wa msongamano tumechora kwa penseli. Wengi wanadhani pale penseli kuna mstari wa ghafla unaoishia kwenye nukta fulani, kama ile ya digrii 374 ya maji, na RHIC wameitafuta hiyo nukta kwa kugonganisha kwa nishati tofauti tofauti.

Kuna jambo moja kwenye upande huo ambalo tunalijua kwa nadharia na mimi hulipenda sana. Ukibana sana sana, mbali kuliko nyota yoyote inavyoweza, kwaki hazikai kila moja kivyake, zinashikana mbili mbili kama elektroni zinavyoshikana ndani ya supakondakta, kile kitu kinachopitisha umeme bila upinzani wowote. Mark Alford, Krishna Rajagopal na Wilczek walionyesha mwishoni mwa miaka ya 90 kwamba zikiwepo aina 3 za kwaki, ya juu, ya chini na ile ngeni, mpangilio unaoshinda ni ule ambao rangi na aina zimefungwa pamoja (rangi hapa ni chaji yao tu, hakuna nyekundu ya kweli mle ndani). Maada ya namna hiyo inajisawazisha chaji yenyewe bila kuhitaji elektroni hata moja. Na mshikamano huo ni mgumu mno, unavumilia joto la mabilioni kwa makumi ya digrii, yani kwa nyota iliyokwishapoa hakuna cha kuuvunja. Shida ni hapa kati, kati ya nyutroni za kawaida na huo mwisho, ndipo nyota zilipo, na ndipo tusipoweza kuhesabu.

Basi tunaenda kwa nyota zenyewe. Kila nyota inasimama kwa sababu maada ya ndani inasukuma nje sawa na mvutano unavyovuta ndani. Mkinipa uhusiano wa presha na msongamano, mimi nawapa orodha ya nyota zote zinazowezekana, uzito na nusu kipenyo, na nawaambia uzito wa mwisho ambao ukizidishwa nyota inaporomoka inakuwa shimo jeusi. Robert Oppenheimer, ndio yule wa bomu, na mwenzake George Volkoff walifanya hesabu hiyo 1939 wakichukulia nyutroni hazisukumani kabisa, wakapata mwisho ni 0.7 ya Jua. Tunazo nyota za 1.4 kwa hiyo nyutroni zinasukumana, na vikali.

Sasa badiliko la ghafla lina madhara gani? Angalia. Presha ni ile ile, msongamano unaruka. Sehemu ya katikati inazidi uzito bila kuzidi nguvu ya kubeba. Mruko ukiwa mkubwa sana nyota haiwezi kusimama, inadondoka. Mruko ukiwa wa kiasi nyota inasinyaa, na kukiwa na bahati unapata kitu cha ajabu, nyota pacha: mbili zenye uzito sawasawa, moja kubwa ya nyutroni tupu na nyingine ndogo yenye moyo wa kwaki. Badiliko likiwa la ugali hupati lolote kati ya hayo, mstari wa uzito na ukubwa unateleza tu bila kona.

Mwaka 2010 Paul Demorest na wenzake wakatangaza pulsa moja (yani nyota ya nyutroni inayozunguka na kutupigia mapigo, kama ile ya Jocelyn Bell), PSR J1614-2230, uzito wake karibu mara 2 ya Jua, 1.97. Walivyoipima ni kitu cha kupendeza: ina mwenzake, nyota kibete nyeupe (mabaki ya nyota ndogo iliyokwishazimika), na njia wanayozungukana tunaitazama karibu kabisa kwa ubavu, kwa hiyo mara moja kila siku 8.7 mapigo ya pulsa yanapita jirani na yule mwenzake kabla ya kutufikia, mvutano wake unayachelewesha kwa mikrosekunde kadhaa, na ucheleweshaji huo ndio mizani. Baadaye vipimo vikaongezwa ikashuka kuwa 1.91, hamna neno, manake zimepatikana nyingine, J0348+0432 iliyopimwa 2.01 mwaka 2013 na J0740+6620 ya kama 2.08.

Hapo watu wakakimbilia kuandika kwamba kwaki zimefutwa. Hapana bana. Kilichofutwa ni kwaki laini, zile modeli ambazo kwaki zikitokea presha inalegea nyota inakaa chini. Kwaki nazo zinasukumana, na ukiweka msukumano wa kutosha unapata nyota yenye moyo wa kwaki ambayo kwa nje, uzito na ukubwa, huwezi kuitofautisha na ya nyutroni tupu. Inajificha vizuri tu.

Halafu ikaja tarehe 17 Agosti 2017. LIGO na Virgo, mashine za Marekani na Ulaya, wakapokea mawimbi ya mvutano, yani mitikisiko ya nafasi yenyewe, ya nyota mbili za nyutroni zikizungukana mpaka zikagongana, kwenye galaksi NGC 4993, miaka ya nuru kama milioni 130 kutoka hapa, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikaona mwako wa gama. Kabla ya kugusana kila moja inamvuta mwenzake anabonyea, na nyota kubwa laini inabonyea zaidi kuliko ndogo ngumu, na kubonyea huko kunaonekana kwenye mawimbi. Matokeo: hazikubonyea sana, nusu kipenyo chake kiko karibu na kilomita 12. Wakati huohuo chombo kinaitwa NICER kiko kwenye kituo cha anga tangu 2017, kinapima eksirei za madoa ya moto juu ya pulsa inavyozunguka. Kwa pulsa J0030+0451, yenye uzito wa kama 1.4, majibu ya 2019 yalikuwa karibu kilomita 13. Kwa ile nzito ya 2.08, timu mbili mwaka 2021 zilipata moja 12.4 na nyingine 13.7, kila mmoja na ukosefu wa uhakika wa zaidi ya kilomita nzima.

Tulieni hapo kidogo. Nyota ya 1.4 na nyota ya 2.08, uzito umeongezeka kwa karibu nusu, ukubwa uko pale pale. Kama katikati kungekuwa na mruko mkubwa baina ya hizo mbili, ile nzito ingetakiwa kuwa imesinyaa waziwazi. Haijasinyaa. Mimi hapo ndipo ninapojenga mawazo yangu: kwenye nyota tunazozijua badiliko la ghafla lenye mruko mkubwa sioni pa kuliweka. Ama hakuna badiliko, ama ni la ugali.

Na katika hayo mawili? Timu moja ya Helsinki mwaka 2020 ilijaribu kuunganisha pande mbili tunazozijua, nyutroni kwenye msongamano mdogo na kwaki kwenye msongamano wa kupindukia, halafu wakaangalia njia zote za kati ambazo vipimo vya nyota vinaziruhusu. Kigezo chao kikubwa kilikuwa kasi ya sauti ndani ya nyota. Kwaki huru zinataka mraba wa kasi hiyo ukaribie theluthi ya mraba wa kasi ya mwanga, nyutroni zinazosukumana zinaipandisha juu ya hapo, ndio zinaweza kubeba Jua 2. Wakakuta kwamba kwa nyota nzito kabisa, kasi ya sauti inapanda afu inashuka tena kule katikati, inarudi kwenye tabia za kwaki. Sio ushahidi wa mwisho, wenyewe hawakusema hivyo, lakini mimi naegemea huko. Nyota ya 1.4 labda ni nyutroni mpaka katikati, ile ya 2 naamini ina moyo wa kwaki.

Naomba tu msichukue hilo kama kichwa cha habari. Aprili 2002 NASA walitoa taarifa kwamba darubini ya Chandra huenda imeona nyota ya kwaki, RX J1856.5-3754, kwa sababu ukubwa wake ulikokotolewa mdogo mno kwa nyota ya nyutroni. Magazeti yakachachamaa. Kumbe walichokuwa wanakiona ni sehemu ya moto tu ya uso wake, na umbali nao ukapimwa upya, na leo wataalamu wengi wanaihesabu nyota ya nyutroni ya kawaida.

Mtanibadilisha mawazo kwa nini? Kwanza mnionyeshe pacha, pulsa mbili uzito mmoja ukubwa tofauti kwa kilomita kadhaa. Pili, sauti ya baada ya mgongano. Mwaka 2017 tulisikia mzunguko wa kabla tu, kile kitu kilichozaliwa baada ya kugongana kinatetemeka kwa hezi elfu 2 mpaka 4 na mashine zetu huko zilikuwa viziwi. Timu mbili mwaka 2019 zilionyesha kwa simulesheni kwamba kwaki zikitokea kwa ghafla wakati ule, mtetemo unapanda juu kuliko nyota za kabla zilivyoahidi. Hizo tofauti zinahitaji mashine kubwa zaidi, Einstein Telescope ya Ulaya na Cosmic Explorer ya Marekani, zote bado mipango. Tatu, supanova hapa kwenye galaksi yetu: kuna hesabu zinazosema kiini kikigeuka kuwa kwaki sekunde chache za mwanzo, yanatoka mafuriko ya pili ya nyutrino, kishindo cha pili baada ya kile cha kwanza. Hiyo vigunduzi vya sasa vingeiona bila shida, ila supanova yenyewe ndio haipangiwi tarehe.

Kijana mmoja nyuma akauliza swali ambalo lilinifurahisha kuliko maongezi yangu yote: "Mwalimu, kama ni ugali, na nyota ya kwaki inafanana na ya nyutroni kwa uzito na ukubwa, si ina maana hatutajua milele?" Nikamwambia uzito na ukubwa vinasoma presha tu. Kuna vitu vingine havisomi presha. Kwaki ambazo hazijashikana zinatoa nyutrino haraka, nyota inapoa mapema kuliko umri wake unavyotaka, na zilizoshikana zinafunga huo mlango. Halafu kuna mnato. Nyota inayozunguka kasi ina mawimbi ya ndani yanayoipunguza mwendo kwa kutoa mawimbi ya mvutano, isipokuwa maada ikiwa na mnato wa kutosha kuyazima, na mnato wa nyutroni sio mnato wa kwaki. Tunayo pulsa inazunguka mara 716 kwa sekunde, PSR J1748-2446ad, na haijasimamishwa. Kitu fulani ndani yake kinayazima hayo mawimbi, na tukijua ni nini tutakuwa tumeingia ndani bila kupitia kwenye mizani.